Mandhari ni jicho la nani? Corot na mji wa Volterra

Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne mandhari ya riwaya ni nini, naye atakujibu bila kupepesa jicho: mahali na wakati wa kutokea matukio. Kisha ataorodhesha. Kijijini, mjini, shuleni, hospitalini, nyumbani kwa fulani. Mtahini atampa alama zake na kila mmoja atakwenda zake akiwa ameridhika. Sisemi jibu hilo ni kosa. Nasema limeacha nje kitu kimoja, na kitu chenyewe ndicho ambacho neno hili lilikuwa limekibeba lilipoingia katika Kiswahili.

Neno mandhari tulilichukua kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni ule wa nadhara, yaani kutazama. Mandhari, basi, ni kile kinachotazamwa. Ndugu zake tunao hapa hapa nyumbani: nadhari, ambayo ni mtazamo au ule uangalifu wa kuchagua, na nadharia, ambayo wanafunzi wetu wa uzamili huitafuta kwa tochi mchana. Mwanafunzi anayekuja ofisini akilia kwamba hajapata nadharia ya kuongozea tasnifu yake, kwa kweli anasema hajapata pa kusimama ili aone. (Onyo dogo hapa kwa wapenzi wa etimolojia: nadhiri na tahadhari hazimo katika ukoo huu, ingawa sauti zinatudanganya. Nadhiri huandikwa kwa herufi ya dhali katika Kiarabu, nayo mandhari kwa herufi nyingine kabisa. Ni Kiswahili kilichozisaga herufi hizo zikawa dh moja. Tahadhari nayo ina mzizi wake wa pembeni, unaoanza kwa ha.)

Mahali papo hata kama hakuna anayepaona. Mandhari haiwi mpaka pawe na jicho, na jicho haliwezi kuelea hewani. Lina mwenyewe, na mwenyewe amesimama pahali. Mwandishi wa riwaya anaweza kulificha jambo hili. Anaandika tu kwamba palikuwa na kijiji kizuri chini ya milima, na sisi tunameza. Mchoraji hana raha hiyo. Picha yake inakuonyesha kijiji na papo hapo inakuonyesha alikosimama. Ndiyo maana leo naomba tuache riwaya kidogo tutazame picha moja ya mji wa kilimani.

Picha yenyewe iko Washington, katika National Gallery of Art. Ilichorwa na Mfaransa Jean-Baptiste-Camille Corot mwaka 1838, na kinachoonekana ndani yake ni Volterra, mji wa Tuscany nchini Italia uliojengwa juu ya kilima, zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Turubai si kubwa, upana wake haufiki mita moja. Mbele, karibu na miguu yako wewe unayetazama, kuna mawe, vichaka, miti na njia ya vumbi. Njiani yumo mpanda farasi, mtu mdogo tu. Jicho linaifuata njia ile, linapotelea kwenye miti, halafu linalazimika kuruka juu, mbali, mpaka kwenye mgongo wa kilima, na hapo ndipo mji ulipo: ukanda mwembamba wa kuta na mapaa, rangi ya udongo mkavu, chini ya anga tulivu. Mji ndio unaoipa picha jina, na mji ndio uliopewa nafasi ndogo kuliko vyote.

Nilipoanza kuwaonyesha wanafunzi picha hii kwenye ukuta wa darasa, swali lao la kwanza lilikuwa, Prof, mji uko wapi? Swali zuri kuliko wanavyojua. Swali langu kwao huwa: na mchoraji yuko wapi? Yuko chini. Hayuko langoni, hayuko sokoni, hayuko juu ya mnara akiuhesabu mji paa kwa paa. Yuko pale ambapo msafiri bado ana mlima wa kupanda.

Corot alizaliwa Paris mwaka 1796, katika nyumba ya biashara. Mama yake alikuwa na duka la kofia na mitindo ya mavazi, na kijana naye akatiwa katika biashara ya vitambaa. Aliuza nguo, kwa moyo nusu inavyosemekana, hadi alipofika umri wa miaka 26. Hapo wazazi wakakubali yaishe. Walimtengea posho ya faranga 1,500 kwa mwaka, pesa ambazo zilikuwa za dada yake aliyefariki, naye akaenda kuchora. Mwaka 1825 akaenda Italia, akakaa hadi 1828. Akarudi tena mwaka 1834, na safari hii ndiyo iliyomfikisha Volterra.

Sasa sikiliza tarehe. Alifika Volterra mwaka 1834, akaketi nje juani, akauchora mji ule. Picha mbili za kipindi hicho zimo katika makumbusho ya Louvre, Paris, moja ya mji na moja ya ngome yake. Picha ya Washington ni ya 1838. Miaka minne imepita. Mchoraji yuko Paris, ndani ya chumba chake cha kazi, na anachokitazama si Volterra tena. Anatazama michoro yake mwenyewe, na kumbukumbu, na pengine jicho moja liko kwenye Salon, yale maonyesho makuu ya Paris ambako msanii alipata jina au alikosa. Je, wakati wa mandhari hii ni upi? Yule mwanafunzi wetu wa kidato cha nne atajibu nini? Mchana, mwaka 1834? Mwaka 1838? Wakati katika mandhari haumo ndani ya saa ya matukio peke yake. Umo pia kati ya kuona na kusimulia, na ufa huo wa miaka minne ndio unaoifanya picha hii iwe tulivu namna ile. Kitu kilichokaa muda mrefu kichwani hupoteza nzi na jasho.

Nimesema mpanda farasi ni mdogo. Niseme pia kwamba simpendi sana. Ana sura ya kibarua aliyeajiriwa siku moja. Walimu wa Corot, Achille-Etna Michallon na Jean-Victor Bertin, walikuwa wa mkondo wa kale uliotaka mandhari iwe na mtu ndani yake ili iwe na heshima, ikiwezekana mtu wa ngano za Wagiriki au wa Biblia. Ufaransa ilikuwa hata imeanzisha tuzo maalumu ya uchoraji wa mandhari za kihistoria, na Michallon ndiye aliyeshinda ya kwanza mwaka 1817. Mpanda farasi wa Volterra ni mabaki ya deni hilo. Ukimfunika kwa kidole, picha haifi. Ukiifunika njia, inakufa papo hapo.

Hapa tunaingia kwenye neno jingine linalonisumbua. Picha za namna hii, zenye mji wa kale juu ya kilima, mtu mmoja mpweke njiani na umbali unaovuta moyo, huwekwa katika fungu ambalo wahakiki wetu wameliita Ulimbwende. Istilahi imekwisha kukaa, imo katika vitabu vya nadharia na katika tasnifu, na sina nguvu ya kuing'oa. Lakini mlimbwende mtaani ni nani? Ni kijana aliyevaa akapendeza, msichana wa jukwaa la urembo, picha ya ukurasa wa burudani katika gazeti. Kwa hivyo mwanafunzi anayesoma Ulimbwende huja na wazo kwamba sanaa hiyo inahusu kupendeza. Anapoitumia kuhakiki shairi, anatafuta maua. Wenye mkondo wenyewe, kule Ujerumani, Uingereza na Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, walikuwa na shida nzito zaidi ya maua: mtu aliyeachwa peke yake mbele ya ulimwengu mkubwa, akitamani kitu asichokifikia. Caspar David Friedrich alichora watu waliotupa mgongo wakitazama bahari na ukungu. Hakuna aliyejipamba hapo. Wapo wanaoona heri neno la Kizungu liswahilishwe hivyo hivyo, na siku nyingine nami huwaunga mkono.

Corot mwenyewe hakai sawasawa katika fungu hilo. Mguu mmoja ameuacha kwa walimu wake, kwenye ule mpangilio safi wa mbele, katikati na nyuma. Mguu mwingine uko mbele ya wakati wake, kwa namna alivyoipima nuru, maana kipaji chake kikubwa hakikuwa rangi bali viwango vya weupe na weusi ndani ya rangi moja. Zitazame kuta za Volterra: hakuna nyekundu ya kushtua wala samawati ya kujitapa. Ni rangi moja ya udongo, iliyokolezwa hapa na kufifishwa pale, mpaka ukuta unasimama wenyewe kwa kivuli chake. Baadaye sana, katika miaka ya 1860, angechora zile picha zake za kijivu cha fedha zilizompa utajiri, kama ile ya ukumbusho wa Mortefontaine ya mwaka 1864. Umma ulizipenda hizo kuliko za Italia. Mimi sizipendi kuliko za Italia. Ukungu ni mwepesi kupendeka. Jua la Tuscany halina pa kujifichia.

Kuna kisa cha Volterra kinachofaa hapa kwa sababu kinachekesha na ni cha kweli. Mwaka 1819, miaka kumi na mitano kabla ya Corot, mwandishi Stendhal alimfuata mwanamke aliyempenda, Matilde Dembowski, hadi mji huu, ambako wana wa mama huyo walikuwa shuleni. Alijificha kwa kuvaa miwani ya kijani. Miwani haikusaidia, alitambuliwa, na mama yule akakasirika kweli kweli. Namkumbuka Stendhal kila ninapomsikia mtu akisema kwamba mandhari ni kitu kilichoko huko nje, kikiwa kimetulia kikisubiri kuelezwa. Kuna aliyeuona mji wote wa Volterra ukiwa na rangi ya majani.

Turudi kwenye kilima chenyewe. Volterra ulikuwa mmoja wa miji mikuu ya Waetruski, kabla Roma haijawa dola. Lakini kinachonihusu ni mwaka 1472. Katika eneo la mji huo palikuwa pamegunduliwa shabu. Wazee watakumbuka shabu, yale mawe meupe ambayo vinyozi walikuwa wakitupaka kidevuni baada ya wembe kutuuma. Ulaya ya wakati huo haikuihitaji kwa ndevu. Iliihitaji kwa nguo, kwa kuwa shabu ndiyo inayoishikisha rangi kwenye uzi. Bila shabu, kitambaa chekundu cha Florence kingechuja kwenye ndoo ya kwanza ya maji. Na Florence iliishi kwa kitambaa. Ukazuka ugomvi kuhusu nani aimiliki migodi, Volterra ukaasi, na Lorenzo de' Medici, akiwa na miaka 23 tu, akamkodi jemadari Federico da Montefeltro. Mji ulisalimu amri mwezi Juni. Juu ya kusalimu amri huko, ukaporwa. Kisha Lorenzo akajenga ngome kubwa juu kabisa ya kilima, akiiunganisha na ile ya zamani, kwa kazi moja: wenyeji wasiasi tena.

Basi yule kijana aliyeuza vitambaa Paris hadi miaka 26, akaikimbia biashara hiyo kwa kuiona haina roho, alikuja kuketi chini ya mji uliovunjwa kwa ajili ya vitambaa. Sidhani picha inalijua hilo. Historia ndiyo iliyofanya ucheshi wake mchungu pembeni.

Ngome ile ikawa gereza, na hadi leo ni gereza. Katika Kiitaliano ngome ni neno moja na jela ni jingine. Kiswahili chetu kina neno linalojua zaidi. Wanaisimu wengi husema gereza limetokana na Kireno igreja, kanisa. Wareno walikuwa na makanisa ndani ya ngome zao, na mtu wa nje aliyeliona jengo lote kwa mbali akaliita kwa jina la chumba kimoja. Kwa muda mrefu gereza katika Pwani lilimaanisha ngome. Ile ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza mpaka leo, wala si kwa sababu ya wafungwa. Ngome ya Mombasa nayo, ambayo ramani yake ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na ujenzi ukaanza mwaka 1593, Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Kanisa, ngome, jela: neno moja limepita katika vyumba vyote vitatu. Watalii wanaopiga picha pale leo jua likitua wanafanya kazi ya Corot bila brashi.

Najua mahali wahakiki vijana wanataka nifike. Wanataka niseme kwamba Corot alidanganya. Kwamba alichukua kilima chenye uporaji na pingu akakifanya cha kupendeza. Kwamba uzuri wake ni pazia. Nimesoma insha nyingi za namna hiyo na nimezitoza alama. Ni rahisi mno. Ukishajua mahali pana gereza, unamkemea kila aliyepachora bila wafungwa, kazi imekwisha, na picha hukuitazama.

Tuitazame. Corot hakuchora Volterra kutoka juu, kama mwenye mji. Wapo wachoraji waliofanya hivyo, na jicho la namna hiyo tunalijua: linasimama penye baraza pa juu, linaliona bonde lote kwa mpigo, na linalihesabu kama mali. Yeye kajiweka chini, penye mawe. Kauweka mji pale juu na mdogo, akaweka kati yake na mji ardhi nyingi isiyo na faida kwa mtu yeyote. Njia haifiki. Hakuna mtu hata mmoja wa Volterra anayeonekana, na hawezi kuonekana, kwa sababu kutoka hapo aliposimama mtu haonekani. Picha haisemi, huu ndio mji wa Volterra. Inasema, hivi ndivyo unavyoonekana kwa mgeni ambaye bado hajaingia. Huo ni ukweli wa kiasi, na kiasi chenyewe kimeonyeshwa wazi.

Hata hivyo simwachilii bure. Kutoka umbali huo ukuta wa kuzuia adui na ukuta wa kumzuia mtu asitoke ni ukuta mmoja, rangi moja ya udongo, na Corot aliufanya mzuri. Utulivu ule una bei, na hakuilipa yeye. Ninachosema ni kwamba picha inakupa nafasi ya kuuliza bei, kwa sababu haifichi ilikosimama. Ile sentensi yetu ya riwaya, ya kijiji kizuri chini ya milima, haikupi nafasi hiyo. Nani kakiona kizuri? Mwenye kuamka saa kumi kwenda mtoni, au aliyekuja Desemba kwa gari akarudi Nairobi Januari? Waandishi wetu wengi, na wengine ni marafiki zangu, huandika mashambani kwa jicho la Desemba na kulipa sauti ya aliyebaki huko. Hapo ndipo uongo unapoingia. Kijani kibichi hakina kosa lolote.

Na jicho linaweza kuhamishwa. Mwaka 1988 mwongozaji wa tamthilia Armando Punzo alianzisha ndani ya ngome ya Volterra kikundi cha maigizo, Compagnia della Fortezza. Waigizaji wake ni wafungwa. Kimedumu miaka zaidi ya thelathini, na watu hupanda kilima kile wakati wa kiangazi, wakapita langoni, wakakaguliwa, wakaingia kutazama. Wale waliokuwa ndani ya ukuta wa rangi ya udongo, wasioonekana kutoka njiani, sasa ndio wanaotazamwa wakiwa wamesimama karibu kabisa, na wao wanawatazama waliokuja. Hiyo pia ni mandhari ya Volterra. Corot asingeweza kuichora kutoka pale aliposimama, na hakuna mchoraji ambaye angeweza kuchora zote mbili kwenye turubai moja.

Kwa walimu wa fasihi, nina ombi dogo la kikazi. Swali la mandhari likija, tuongeze vipande viwili vya kuuliza baada ya vile vya mahali na wakati: nani anatazama hapa, na kutoka alipo hawezi kuona nini? Nimelijaribu hili kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Majibu yao yalikuwa mafupi kuliko kawaida, na ilinichukua muda mrefu zaidi kuyasahihisha.